Mgeni wa Kutoka Gairo

Mama mkwe wangu hakununua gunia la mahindi bila kulichoma. Alikuwa na bambo lake mwenyewe, kile kichuma chenye ncha kali na mfereji katikati ambacho wafanyabiashara wa Kibaigwa hutumia kutoa punje tumboni mwa gunia bila kulifungua. Alitembea nalo kiunoni, limekazwa na pindo la kanga, na akifika kwenye lori hakuwa na maneno mengi kabla hajachoma juu, katikati na chini. Chini hasa. "Juu kila mtu anapanga vizuri," alikuwa akisema. Kisha anamwaga punje kiganjani, anatafuna mbili, anazitema, na muuzaji aliyetoka nazo Kiteto anasubiri kama mwanafunzi aliyekwisha kukabidhi mtihani.

Niliolewa na mwanawe wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, wakati serikali ilikuwa imekwisha kuacha kununua mahindi na kila mwenye lori alikuwa mnunuzi. Mimi ni mtu wa Bahi, huko kwenye majaruba ya mpunga na kambale, na nilikuwa nesi mkunga katika kituo cha afya pale pale Kibaigwa. Tuliishi na mama mkwe katika ua mmoja. Baba mkwe alikuwa amefariki zamani. Tulipendana, mimi na mama huyu, lakini tulipendana kwa kelele. Yeye alikuwa na ulimi, mimi nina hasira, na mume wangu alikuwa na madaftari ya kusahihisha, ambayo aliyakumbuka kila tulipoanza.

Kitu kimoja tu hatukugombania, nacho ni heshima ya ukwe. Kwa watu wa nyumba ile, mkamwana haoni utupu wa mama mkwe wake, wala wa ndugu zake mama huyo. Haikuandikwa popote na hakuna aliyehitaji iandikwe. Niliijua vizuri mwaka tulipomuuguza mdogo wake pale uani. Alikuja akiwa amekonda sana, amekaa na damu miezi mingi akidhani ni mambo ya umri, na hospitali wakatuambia ni saratani ya shingo ya kizazi na kwamba tumechelewa. Nilikuwa nesi, nimeogesha wagonjwa kwa miaka, lakini mgonjwa wa nyumbani kwangu sikuruhusiwa kumwogesha. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji, kufua vitambaa na kuchoma ubani ili harufu ipungue. Kumwogesha alimwogesha mama mkwe, dada yake, mlango umefungwa, na mimi nilikaa nje nikisikia maji yakimwagika. Alipofariki tuliukunja mkeka wake tukauchoma moto nyuma ya choo. Mama mkwe alisimama pale mpaka likabaki jivu, kisha akaenda sokoni.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Dodoma mjini kwa mafunzo ya juma moja, nikawa nalala kwa shangazi yangu mtaa wa Area D. Walitufundisha jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni mzaha. Unampaka mama siki kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika moja, unatazama kwa taa. Palipo pazima panabaki na rangi yake. Palipoanza kubadilika panageuka peupe. Weupe huo si saratani bado. Ni mahali ambapo saratani inaweza kuja kukaa baada ya miaka, pasipotibiwa. Na mama mwenyewe hasikii maumivu wala haoni kitu, ndiyo maana ya kumtazama mapema. Nilimkumbuka mgonjwa wetu na mkeka wake, nikalia pale darasani mbele ya wakunga wenzangu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Siki! Kitu kilichokuwa jikoni kwa kila mpika achari.

Siku ya kuondoka niliingia duka la Mhindi mmoja karibu na stendi, nikaagiza chupa nyingi za siki hata akavua miwani.

"Mama, kuna harusi?" aliuliza. "Achari ya ndimu au ya maembe?"

"Ya watu wote," nilimwambia. "Ni harusi kubwa."

Nilirudi Kibaigwa na sanduku la vifaa, taa moja na siki yangu, nikatangaza kwamba kila Alhamisi itakuwa siku ya akina mama kupimwa. Alhamisi ya kwanza walikuja watatu, na wawili kati yao walidhani tunagawa vyandarua. Alhamisi ya pili hakuja mtu. Nilishinda nikifukuza nzi pamoja na tabibu wetu, mwanamume mpole ambaye hakuhusika na kipimo chenyewe, maana mimi peke yangu ndiye niliyefundishwa. Jioni nikamfuata mama mmoja aliyeuza viazi vitamu karibu na mizani ya soko, mtu niliyemzalisha watoto wawili, nikamuuliza kulikoni.

"Nesi, usikasirike," alisema, naye alinijua. "Sisi hapa tunanunua pale mama mkwe wako anaponunua. Akiruka gunia, na sisi tunaruka. Je, yeye umempima?"

Alijua kama nilivyojua mimi kwamba sikuweza. Lakini swali lake lilinichoma kwa sababu nyingine. Tangu yale mafunzo nilikuwa nikimtazama mama mkwe kwa jicho la wizi, anapochota maji, anapopanda lori, na kila mara nilimwona mdogo wake. Wale wawili walifanana hata mwendo. Sikutaka kukaa tena nje ya mlango nikisikia maji yakimwagika.

Nilianza kwa upole, na upole si fani yangu. Nilimwambia kwamba mjini yuko nesi mwingine, si mkwe wa mtu, hamjui wala hatamjua. Alisema atakwenda malori yakipungua. Malori ya Kibaigwa kupungua! Nikamkumbusha baada ya mwezi, akasema mvua zikianza. Mvua zilipoanza akasema barabara ina matope, lami ile ile aliyopita kila siku.

Kosa langu nililifanya jioni moja tukiwa tunakula. Mume wangu alikuwepo. Mama mkwe alikuwa ameshinda juani akisimamia upakiaji, na alipoinama kumega ugali akashika kiuno na kuguna kidogo, kama angeguna mtu yeyote aliyechoka. Mimi nikapasuka.

"Mama, lazima ukapimwe kizazi! Mdogo wako naye alikuwa anasema kesho, kesho. Ukifa usiseme hukuambiwa."

Tonge lilibaki mkononi mwake. Mume wangu aliliinamia bakuli la mlenda kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Katika nyumba ile hapakuwa na neno baya zaidi ambalo ningeweza kulisema: nilikuwa nimetaja kizazi cha mama mbele ya mtu aliyetoka humo. Mama mkwe alilirudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akaingia chumbani kwake bila kuufunga mlango kwa kishindo. Ningefurahi kama angeubamiza.

Mdomo uliniponza kichwa. Kwa majuma matatu hakunisemesha. Alikuwa na mbuzi jike mmoja aliyefungwa karibu na jiko, basi akawa anazungumza naye. "Wewe mbuzi," anamwambia, nami nikiwa hatua mbili kutoka pale, "maji ya kuoga yamekwisha tena. Sijui aliyeyamaliza ana utelezi kama kambale wa kwao." Na mimi, kwa ukaidi wangu, nikajibu kupitia mbuzi huyo huyo kwamba maji yapo, yamefunikwa, mwenye macho atayaona. Mbuzi alinenepa, maana kila mmoja wetu alimletea maganda ya viazi ili apate sababu ya kusimama naye.

Juma la tatu nilichoka. Sikuchoka ugomvi, nilichoka hofu. Asubuhi moja kabla hajatoka nilikwenda mlangoni kwake nikapiga magoti.

"Mama, nimekosa. Nilisema mbele yake. Nisamehe."

Alikuwa anajifunga kanga. Alimaliza kuifunga, akachomeka bambo kiunoni.

"Umekosa," alisema, akaniambia mimi, si mbuzi. Akanipita akaenda zake. Nililipokea hilo kama nusu ya msamaha.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kwenye saa nne nilitoka nje ya chumba changu cha kupimia nikaona benchi lina watu. Mwisho wa benchi walikaa mama wa viazi na wanawake wengine wanne wa sokoni, wametulia kama wako kanisani. Mwanzoni mwa benchi alikaa mwanamke aliyejitanda kanga kichwani mpaka karibu na pua. Bambo lilichungulia kiunoni.

Aliingia, akafunga mlango, akaliweka bambo lake mezani kwangu.

"Shikamo..." nilianza.

Alinikata jicho. "Nesi, mimi ni mgeni hapa. Natoka Gairo. Hatujuani."

Nilimtazama. Nje sauti zote zilikuwa zimekatika. Najua masikio yalikuwa mlangoni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mgeni si mkwe wangu, na nilipoelewa nilivuta daftari haraka nisije nikaharibu.

"Karibu, mgeni. Habari za safari?"

"Njema. Vumbi tu."

"Jina lako?"

Alinitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia, pengine alilisoma ubavuni mwa lori. Nikaliandika. Nikaandika Gairo.

"Watoto wangapi?"

"Watano."

"Kuna tatizo lolote linalokusumbua?"

"Lipo moja. Mkamwana wangu."

Nikaweka kalamu chini. "Amefanya nini?"

"Ana hasira," alisema, akitazama picha ya chanjo ukutani. "Mlenda anautia magadi mpaka unakukimbia mkononi. Na juzi juzi alinitajia mbele ya mwanangu mambo ambayo hata marehemu mume wangu hakuyataja kwa sauti."

"Huyo amekosa sana," nilisema. "Lakini pengine aliogopa."

"Mwenye mdomo ule anaogopa nini?"

"Anaogopa kukuzika, mgeni. Anakupenda, na hajui kusema bila kupiga kelele."

Aliendelea kuitazama ile picha ya chanjo, mtoto mnene anayechekea sindano.

"Basi angesema hivyo," alisema.

"Angesema hivyo," nilikubali.

"Haya. Choma bambo, nesi. Malori mawili yananisubiri."

Nilimtandikia kanga safi kitandani nikageukia ukuta mpaka aliposema yuko tayari. Zaidi ya hapo sitaeleza. Alikuwa mgeni wangu, na mgeni ana siri zake. Nilipopaka siki alinusa hewani. "Kumbe ni achari tu," alisema. Nikamwambia ndiyo, ni achari tu, tusubiri dakika moja. Nikaikazia macho saa yangu. Nje wanawake walikuwa wameanza kubishana kwa minong'ono kama viazi vya Gairo ni vitamu kuliko vya Kibaigwa. Dakika ikaisha, nikasogeza taa.

Weupe ulikuwepo. Mdogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho, upande mmoja.

Niliweka taa chini, nikamfunika vizuri na kumsaidia kukaa. Nilikuwa nimefundishwa maneno ya kusema, maneno mazuri ya kitabuni, na yote yakanitoka.

"Mgeni," nilimwambia, "umewahi kukuta gunia zima kabisa, ila pembeni unyevu umeanza kuingia? Haujawa ukungu, unyevu tu?"

"Mara nyingi."

"Ndicho nilichoona. Hakuna kilichooza."

Alifikiri. "Likianikwa mapema linapona."

"Linapona."

"Na lisipoanikwa?"

Kwa mawazo sote wawili tulikuwa tena nyuma ya choo tukitazama mkeka unaungua.

"Linaanikwa wapi?" aliuliza.

"Dodoma, hospitali. Jumatatu. Una mtu wa kukusindikiza?"

Alijitanda kanga polepole, akachukua bambo lake. "Nina mkamwana. Ana hasira, lakini hawezi kuniacha njiani."

Alipotoka nililia, kidogo, nikajifuta kwa kanga ile ile. Kisha mama wa viazi akabisha hodi na kusema naye ni mgeni, ametoka Gairo.

Jioni nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Mama mkwe alikuja akavuta kigoda akakaa, bila kumwangalia mbuzi hata mara moja.

"Leo nimepita pale kituoni kwenu," alisema. "Pana nesi mmoja mstaarabu sana. Ungejifunza kwake."

"Nitajaribu, mama."

"Na magadi punguza."

Jumatatu tulipanda basi. Daktari aliligandisha lile doa kwa baridi ya gesi iliyotoka kwenye mtungi, kazi fupi, nami nikasubiri nje ya mlango mwingine, lakini safari hii nilisikia mama mkwe akimuuliza daktari bei ya mahindi kwao. Aliambiwa apimwe tena baada ya mwaka. Wakati wa kurudi alikula zabibu njia nzima na kutema kokwa dirishani, akasema hospitali ile ni safi lakini watu wake hawajui kusalimia.

Mwaka ule nilikuwa na kazi nyingi kuliko nilizowahi kuwa nazo. Alhamisi benchi lilijaa mpaka wengine wakakaa chini ya ukuta. Na wote walitoka Gairo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutotaka nimjue: huyu mume wangu anamfundishia mtoto, huyu kaka yake kaoa kwa binamu zetu, huyu tunachota maji bomba moja. Waliingia wamejitanda, wakataja majina ya ajabu, nikawakaribisha na kuwapa pole ya safari. Wakiwa humo walinieleza kuhusu wakwe zao, waume zao, na mara mbili kuhusu nesi wa Kibaigwa, ambaye nilisikia kwamba ana maringo. Nilipima, nikaandika. Wachache niliwaona na weupe, nao wakaenda Dodoma kama mgeni wa kwanza alivyokwenda.

Mratibu wa wilaya alipokuja kukagua alipekua daftari langu kurasa tano, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Nesi, mbona Gairo yote inapimwa hapa? Kwao hakuna kituo?"

"Wanafuata soko," nilimwambia.

Aliona ni jibu la maana akaliandika kwenye taarifa yake.

Lakini hesabu niliyoishika kichwani ilikuwa moja tu. Nilihesabu miezi ya mama mkwe mpaka kipimo cha pili. Kila aliposhika kiuno nilimeza maneno, na watu walioniona nikimeza maneno walidhani nimeokoka. Miezi kumi na miwili ilipotimia sikumkumbusha. Nilipanga kumkumbusha kupitia mbuzi ikibidi.

Haikubidi. Alhamisi ya kwanza baada ya mwaka kutimia, mgeni alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Aliingia, akaweka bambo mezani, akataja lile jina lake la lori. Habari za safari, njema, vumbi tu. Nilipaka siki, nikasubiri dakika yangu, nikasogeza taa. Nikatazama. Nikatazama tena kutoka upande wa pili, kisha nikabadilisha betri za taa ingawa zilikuwa nzima, nikatazama mara ya tatu.

"Nesi, gunia moja unalichoma mara ngapi?"

"Hakuna kitu," nilisema. "Mgeni, hakuna kitu. Pamepona kabisa."

Alivuta pumzi ndefu. Sikuwahi kujua mpaka wakati ule kwamba naye alikuwa akihesabu miezi. Alijifunga kanga yake vizuri, akaja akasimama mezani na kuweka kidole juu ya daftari.

"Hapo umeandika natoka wapi?"

"Gairo."

"Futa."

Nikafuta. Akaniambia niandike jina lake, lile la kweli, na Kibaigwa, na nyumba ninayokaa mimi. Nikaandika yote, mwandiko umepinda. Kisha akatoa ile kanga kichwani na kuishusha mabegani, akanitazama usoni.

"Na wewe? Huko Bahi hamkufundishwa kusalimia wakubwa?"

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mkamwana."

Akachukua bambo lake akaenda kwenye malori.